Mawe Mawili Kwenye Ukungu

Mlima wenyewe siutaji. Uko upande wa Bukombe, kwao mume wangu, mawe matupu kutoka chini mpaka kileleni. Juu yake kuna madimbwi matatu ya maji ya mvua yaliyokaa kwenye mwamba, moja juu ya jingine, na wenyeji wanayaita maziwa. Mimi ni mtoto wa Kambarage, Shinyanga mjini, ziwa ninalolijua mimi lina samaki. Lakini kule nilikuwa mke wa mtu, na mke wa mtu akiambiwa hili ni ziwa, anaitikia.

Mama mkwe alitaka kumpandisha binti yangu kabla hajaanza darasa la kwanza. Kwao mtoto akifika umri wa shule anapelekwa ziwa la juu kabisa, ananawishwa uso, anateremshwa, basi. Na bibi huyo huyo alikuwa ametoka misa ya kwanza, rozari bado iko shingoni. Nikampigia mume wangu, yuko Segese kwenye mashimo ya dhahabu, nikamwambia mama yako anampeleka mtoto kwenye mawe na mvua hii. Akasema mama anajua, mwache, hata yeye alipandishwa na hakufa. Nikamwambia basi na mimi nakwenda. Nikamfunga mdogo mgongoni, miezi mitano, tukaondoka.

Pale chini mama mkwe alinisimamisha. Akasema kuanzia ziwa la kwanza kwenda juu hakuna kuitana majina. Mkipotezana unaokota jiwe, unagonga mwamba mara mbili, na mwenzako anajibu mara mbili. Mlima ukishalijua jina la mtu, haumwachii.

Nikasonya. Nimemaliza kidato cha nne, jiografia nilifaulu, mwamba ni mwamba tu. Mama mkwe akamshika binti yangu mkono wakatangulia, akawa anamnong'oneza njia nzima. Mimi huku nyuma nahema, sikutaka hata kujua anamwambia nini. Hapo ndipo nilipokosea, na nalisema mwenyewe, maana huwa nasimulia kana kwamba kosa lote ni lake.

Ziwa la kwanza unafika kwa miguu. La pili linataka mikono. Unashika ufa, unaweka goti, unajivuta, na mtoto wa mgongoni naye anakuvuta nyuma. Viatu nilivua. Mawe yalikuwa na utelezi wa kijani, na binti yangu, miaka sita, na gauni lake la njano, anayapanda kama mbuzi.

Tulipofika ziwa la pili ukungu ukashuka. Kilele kikapotea, kisha ng'ambo ya maji ikapotea. Mama mkwe alikaa akawa anasugua goti lake bovu. Mimi nikainama kufunga upya kanga ya mtoto. Nilipoinuka, binti yangu hayupo.

Nikamwita. Jina lake, lile nililolichagua mimi na kugombana na baba yake kwa ajili yake. Kimya. Nikaita tena. Juu yetu changarawe zikaporomoka. Kumbe yuko hapo hapo, anapanda.

Mama mkwe akanishika gauni. "Mkwe, nyamaza. Unamfukuza."

Nikamwambia aniache. Nikamwekea yule mdogo mapajani, nikaanza kupanda peke yangu. Nilikuwa nimeshaambiwa kwamba nyuma ya ziwa la tatu mwamba umekatika, hakuna pa kukanyaga mpaka kwenye mashamba kule chini. Kwa hiyo kila hatua tatu naita. Na kila nikiita, changarawe. Niliita kwa ukali, nikaita kwa kubembeleza, nikamwahidi soda, nikaita nalia. Vishindo vya miguu vikawa vinazidi kwenda mbali. Mtoto niliyemzaa kwa operesheni ananisikia, na ananikimbia.

Kwenye jiwe moja nikakwama. Mguu wa kulia hauna pa kukanyaga, wa kushoto umesimamia vidole tu. Kupanda siwezi, kushuka siwezi. Nikalikumbatia lile jiwe tumbo kwa tumbo. Kitu pekee kilichobaki cha kumfanyia mwanangu kilikuwa kunyamaza, na mimi kunyamaza sijazoea. Nikanyamaza.

Ndipo nikasikia kutoka chini: ko, ko. Mama mkwe anagonga jiwe. Kimya. Akagonga tena, ko, ko. Halafu juu yangu, upande wa kushoto, kidogo kama kifaranga kinachopasua yai: ko, ko.

Wakawa wanajibizana hivyo, binti anashuka kwa makalio. Akapita pembeni yangu, karibu kabisa, gauni limechanika begani. Hakunitazama. Nina mikono miwili, na yote miwili ilikuwa imeng'ang'ania jiwe. Kumwita niliogopa. Akapita.

Mama mkwe alinielekeza kwa sauti pa kuweka mguu, kama unavyomwelekeza kipofu, mpaka nikafika chini. Nikamkuta binti ameshanawishwa uso kwa maji ya ziwa lile lile la pili. Bibi ameamua yanatosha. Nikamuuliza kama hakunisikia.

"Nilikusikia, mama."

"Mbona hukuitika?"

Akamtazama bibi yake kwanza. "Bibi alisema huku nikiitwa jina nisiitike. Alisema ikiwa ni sauti ya mama, nikimbie, hiyo ndiyo mbaya kuliko zote."

Niliyomwambia mama mkwe siyaandiki. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, yule mdogo wangu amelala mapajani mwake, kisha akasema taratibu, "Mayu, nilikwambia pale chini." Mayu ni mama, huniita hivyo akinihurumia. Na ni kweli aliniambia. Ndiyo maana hasira yangu haina pa kutua. Mume wangu naye nilipompigia aliuliza tu, si mmeshuka wote?

Tumesharudi Kambarage, binti yuko darasa la kwanza. Nikimwita kutoka jikoni aje kula, kwanza ananyamaza. Si muda mrefu, ni kama mtu anayemeza mate. Kisha anachungulia mlangoni, ananikagua usoni, ndipo anaitika. Nimemfokea, nimembembeleza, nimemchapa, naona aibu kusema.

Jana sikumwita. Nilichukua mwiko nikagonga sufuria mara mbili. Akaja mbio.