Msimuliaji Aliyejua Mengi Mno

Nilimaliza chuo kwa kuandika juu ya riwaya moja ya zamani, ambamo mtumishi wa nyumba anamsimulia mgeni habari za mabwana zake waliokufa. Swali moja lilininyima usingizi: amejuaje yaliyosemwa chumbani, mlango ukiwa umefungwa? Mwalimu aliyenisimamia aliandika pembeni kwamba nawaza kupita kiasi. Ni kweli.

Mwezi uliofuata, siku ya Ijumaa, mama mmoja muuza samaki alitoka Vitshumbi, kijiji cha wavuvi ziwani, akatuletea habari kwamba kaka yangu, aliyekuwa akivua huko, alizama Jumapili. Mwili haukuonekana. Mama yangu alikodi viti vya kilio, na majirani wakaanza kukata vitunguu uani. Mchana huo mgeni wetu, yule muuza samaki, aliketi sebuleni akaeleza kiboko alivyoupindua mtumbwi, wenzake wawili walivyoogelea hadi ng'ambo, kaka alivyopotea.

"Kule chini alisikia kengele," akasema. "Akazani ni ya kanisa ya hapa kwenu. Mguu wa kushoto ulikuwa na baridi, ule mwingine hapana."

Watu walilia. Mimi nilimwuliza:

"Mama, nani alikuambia mambo ya kengele?"

"Huyu njo ule mwenye alisoma?" mgeni alimwuliza mama yangu. "Anauliza sawa polisi."

"Nisamehe, mama. Kama alikuwa chini ya mayi, nani alisikia?"

Aliitazama mikono yake. "Yeye mwenyewe. Jana asubuhi alisimama mbele ya meza yangu ya samaki. Yeye njo alinituma kwenu."

Visu vya uani vilinyamaza. Mama yangu alisogeza kiti chake karibu naye.

"Alikuwa mukavu ao alitota?"

"Mukavu."

"Ulimugusa?"

"Hapana, mama. Niliogopa."

Mama yangu alitoka akawaambia majirani warudishe viti. Hakuna kilio cha mtu mkavu, alisema. Vitunguu wakagawana.

Tangu hapo barabara ya kwenda huko haipitiki, na simu ya kaka haiiti. Kama amekufa, hajaliliwa, na aliyezuia ni mimi. Mama hanilaumu. Huniomba tu nimrudilie maneno ya yule mgeni, naye husikiliza amefumba macho. Jana nilimtajia rangi ya shati alilovaa kaka pale mbele ya meza. Sijui niliipata wapi.