Jina Lililoliwa na Mchwa

Mwaka jana waliniletea kazini kitabu cha mazishi cha kanisa letu la zamani, kule karibu na Shianda. Kazi yangu, rafiki, ni kutengeneza karatasi kuukuu: kupangusa vumbi kwa brashi laini, kuunganisha palipochanika kwa gundi ya wanga wa ngano, kuziba matundu kwa karatasi nyembamba sana. Nimeifanya hapa Kakamega mjini kwa miaka mingi. Niliujua ukurasa niliokuwa nautafuta. Nilipoufunua nilikuta mchwa wamepita katikati yake, na mahali palipokuwa na jina la mdogo wangu pamebaki tundu.

Ngoja nikurudishe nyuma kidogo.

Nilipokuwa darasa la tatu, miwa ilikuwa imefika mlangoni. Ukitoka jikoni hatua kumi hivi, unagusa majani yake. Mahali ambapo kukhu, yaani bibi yangu, alikuwa akipanda wimbi na viazi vitamu pote palikuwa pamelimwa miwa, na wazazi wetu walifurahi, maana wakati huo kila mtu alisema miwa ndiyo maisha. Upepo ukitoka upande wa kiwanda cha sukari ulileta harufu ya molasi, tamu hadi inachosha, ikaingia kwenye nguo, kwenye maji ya mtungi, hata kwenye obusuma, ugali wetu. Trekta zikipita na matela yake tulizikimbilia nyuma tukichomoa miwa, tukaitafuna njia nzima mpaka pembe za midomo zikachubuka.

Mdogo wangu alikuwa msichana wa miaka mitano. Alinifuata kila mahali, kisimani, kuokota kuni, kwa jirani, akiongea bila kupumzika.

Jumamosi moja mchana, baada ya kuteka maji, nilimwingiza katika shamba la jirani tukavunje miwa laini. Ndani ya miwa iliyokomaa huoni hata mbingu. Tulikuwa tumeketi tunatafuna niliposikia mlio kama mvua inayokuja juu ya mabati. Haikuwa mvua. Moto ulikuwa umeanzia upande wa barabara, na hadi leo hakuna anayejua aliyeuwasha. Nikamshika mkono, tukakimbia. Majani yalitukata usoni. Tukafika mahali ambapo miwa ilikuwa imelala na kusongamana, nikahitaji mikono yote miwili kupasua njia. Nikamwachilia. Nilimsikia nyuma yangu akiita, "Dada, ningoje!" Nikapaza sauti, "Njoo!" bila kugeuka. Nilipotokea kwenye mtaro, nilikuwa peke yangu.

Wanaume walimtoa jioni, moto ulipopoa. Sikuruhusiwa kumwona. Mama hakunipiga. Afadhali angenipiga.

Tulimzika nyuma ya nyumba, bila simiti, kilima kidogo tu cha udongo. Katekista wetu, mzee ambaye watu wote walimwita mwalimu, aliweka kitabu juu ya meza yetu ya chakula, akachora mstari kwa kipande cha ubao, akaandika jina polepole kwa wino wa buluu.

Msimu wa kupanda ulipofika, baba alikubali trekta ilime mpaka ukutani. Kukhu alitoka akasimama mbele ya trekta na jembe lake mkononi. Baba alimshika mabega akamwondoa.

"Mama, Mungu anajua mahali mtoto ako," alimwambia.

"Mungu anajua. Mimi je?"

Trekta ikapita. Miwa ikapandwa juu ya kaburi.

Tangu hapo, kila Jumapili ibada ikiisha, kukhu alibaki nyuma. Hakujua kusoma. "Mwalimu, nionyeshe huyo wangu," alikuwa akisema, na katekista alifungua kitabu akakiongoza kidole chake hadi kwenye jina. Kukhu alilisugua taratibu, kisha akafunga kitambaa chake kichwani tukaenda nyumbani. Alifanya hivyo mpaka alipofariki. Ninaijua kazi yangu: karatasi inayoguswa namna ile hulainika, huingia mafuta na jasho, na kukosa nguvu. Sina uhakika, lakini nadhani mchwa walianzia pale.

Jumapili baada ya kuliona lile tundu kitabuni nilienda nyumbani kumweleza mama. Alikuwa ameketi kwenye kibaraza anachambua majani ya kunde. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa si uandike," akasema. "Wewe si unajuanga kuandika?"

"Hairuhusiwi, mama. Tundu nimeliziba, lakini siwezi kuongeza hata herufi moja. Nikiandika, hayo yatakuwa maneno yangu, si ya kitabu."

"Na wewe si ulikuwa hapo?"

Ndipo nikamwambia kwamba nilimwachilia mdogo wangu mkono, kwamba aliniita nikasikia, na kwamba sikugeuka. Sikuwa nimewahi kumwambia mtu. Mama aliacha kuchambua mboga. Akainuka kwa bakora yake.

"Twende nyuma," akasema.

Siku hizi kiwanda kimenyamaza. Trekta hazipiti, harufu ile imekwisha, na nyuma ya nyumba watu wamerudia mahindi. Kukhu, baba na katekista wote wameshatangulia. Mama aliingia kati ya mistari ya mahindi akiwa na bakora yake, akasimama, akaichoma ardhi kidogo kwa ncha yake. Akasogea hatua tatu, akachoma tena. Nilimfuata.

"Ni hapa," akasema. Kisha akatikisa kichwa. "Hapana. Kwa kaburi ulikuwa unaona mlango wa jikoni moja kwa moja."

Tukageuka wote wawili kuutafuta mlango huo. Lakini jengo lile la jikoni tulilibomoa zamani, na hakuna kati yetu aliyekumbuka liliangalia upande gani.