Spika Bila Kalamu ya Ubao

Jina la Spika lilimkaa kama kashonewa. Yuko mwaka wa tatu, takwimu alifaulu kwa kishindo, basi idara ikampa kazi ya vipindi vya ziada: mhadhiri akimaliza, wa mwaka wa kwanza waliotoka na macho ya samaki wanaenda kwake kujifunza namna ya kulisoma hilo somo. Na walijaa mpaka sakafuni. Spika anachora, anarukaruka, anatania, swali gumu analimaliza ubaoni huku watu hawana mbavu. Mdogo wake wa kiume, naye wa mwaka wa kwanza, alikaa mbele akitingisha kichwa kama shabiki.

Halafu matokeo ya jaribio yakabandikwa.

Spika akadhani kasoma ya darasa lingine. Akarudia. Waliokuwa wanakuja kwake wameanguka kuliko wasiokuja. Mdogo wake yuko chini kabisa, anapumulia mhuri wa mwisho wa karatasi. Mama mkuu wa kitengo kinachosimamia vipindi hivyo akamkuta palepale kwenye korido.

"Wiki ijayo nakuja kuangalia," akamwambia, tena kwa upole, na huo upole ndio ulitisha. "Nikikuta mambo yaleyale, nafunga vipindi."

Nyumbani akambana mdogo wake. "We si ulisema umeelewa?"

"Nilielewa."

"Sasa?"

"Dada, ukifanya wewe naelewa. Nikishika kalamu mimi, sijui hata naanzia wapi. Ni kama umekaa unaangalia mpira, mara unaambiwa vua viatu uingie."

"Na hukuniambia?"

"Ulikuwa unafurahi mno."

Spika akakaa kitandani. Kumbe mazoezi yote alikuwa anafanya yeye. Wenzake walikuja kuangalia shoo.

Kipindi kilichofuata akaiacha kalamu mezani, akaenda kukaa safu ya nyuma. "Leo mimi bubu."

"Spika anaumwa?"

"Chaji imemwishia huyo."

Wakatazamana, wakaitazama kalamu. Mdogo wake akainuka, akaandika mstari, akaandika wa pili, akaharibu. Spika aliona. Akaikalia mikono yake.

"Wee, huo wastani umeutoa wapi?" akauliza binti mwenye miwani. "Umeuota?"

"Kwenye jedwali."

"Jedwali lipi, la kwenu?"

Akamfuata ubaoni. Mwingine akaja kuamua ugomvi, akauongeza.

Mama mkuu wa kitengo akatokea mlangoni. "Kiongozi wenu yuko wapi?"

Hakuna aliyegeuka. Mdogo wake Spika akanyoosha tu mkono. "Samahani mama, subiri kidogo, bado tunabishana."

Mama akapigwa na butwaa. Akatafuta kwa macho mpaka akamwona Spika kule nyuma, kakodoa kuliko yeye. Habari ya kufunga hakuitaja. Akavuta kiti, akakaa pembeni yake.

"Mstari wa nne wamekosea," akanong'ona.

"Najua," akasema Spika. "Usiwaambie."