Kosa la Mchezaji Lichambuliwe Mkekani

Mwanangu, wewe unayefundisha watoto michezo, ipo siku moja ambayo mpaka leo nikiikumbuka nafunika mdomo wangu kwa kiganja, kwa sababu mdomo huu ndio ulioniaibisha. Siku hiyo ilinirudia Jumamosi iliyopita. Nilikuwa nimekwenda Tunduma kumwona mjukuu wangu Ezra, ambaye siku hizi anafundisha mpira watoto wa mtaani kwao, wale wa miaka kumi na miwili, kumi na mitatu. Uwanja wenyewe vumbi tupu. Malori ya kwenda Zambia yamepanga foleni barabarani na madereva wanatazama mechi kutoka madirishani.

Beki mmoja mdogo akapiga pasi, ikaenda kwa adui. Ezra akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "We Baraka! Umelala? Toa mpira! Si hivyo! Unacheza kama bibi yangu!"

Nikamjibu palepale, "Bibi yako yuko hapa nyuma, na hajakosea pasi."

Watu wakacheka, dereva mmoja akapiga na honi. Lakini yule mtoto hakucheka. Kuanzia hapo, kila mpira ulipomjia, macho yalikwenda kwanza kwa Ezra ndipo yakarudi kwenye mpira, na mpira haumsubiri mtu. Nayajua macho yale. Niliwahi kuyatengeneza mwenyewe.

Nilikuwa msichana wa miaka kama ishirini, kule Mbozi, nilipokabidhiwa timu ya netiboli ya kijiji chetu. Usidhani nilikuwa na ujuzi. Mwalimu aliyekuwa akiifundisha alihamishwa, mimi goti lilikuwa limeumia siwezi kucheza, na katika wasichana wote sauti yangu ndiyo ilikuwa kubwa. Nikadhani sauti ndiyo ualimu. Goli letu lilikuwa pete ya pipa kuukuu, imefungwa kwa waya kwenye mlingoti wa mkaratusi. Mfungaji wetu alikuwa Enesi, binti mwembamba, mkimya, ambaye akiwa mazoezini alitumbukiza mpira kama mtu anayetia mahindi kwenye debe.

Mwaka ule tukapangiwa mechi mbili na wasichana wa Ruanda, kijiji jirani, moja kwao, moja kwetu, na dume la mbuzi likimsubiri mshindi. Ya kwanza ilikuwa kwao. Enesi akarusha mpira wa kwanza, ukagonga pete ukarudi. Nikapiga kelele. Wa pili ukapita pembeni. Nikapandisha sauti: "Enesi! Mikono kama ugali wa jana! Ungebaki nyumbani uchunge kuku!" Wenyeji wakaangua kicheko. Nikaona nimesema jambo zuri sana, nikalirudia.

Basi toka hapo Enesi hakurusha tena golini. Akipata mpira anautoa. Kwa Tabita, kwa Rehema, kwa yeyote mwenye mikono. Mara moja alikuwa amesimama chini ya pete kabisa, kazi ilikuwa kunyoosha mkono tu. Akanitazama, akauona uso wangu, akamtupia mpira refa. Refa, mwanangu! Naye refa akaudaka, akabaki ameukumbatia, filimbi imemdondoka mdomoni. Leo nacheka. Siku ile sikucheka. Walitushinda kwa magoli mawili, tukarudi kwetu kama tunatoka msibani.

Njiani Enesi akavua fulana ya timu aliyoivaa juu ya gauni, akaikunja vizuri, akanikabidhi. "Dada, mtafute mwingine. Mimi sichezi tena."

Hakunitukana, hakulia. Alisema kwa upole, na upole ule ndio ulionikata. Ulimi hauna mfupa, walisema wazee, na mimi nikaona jinsi kitu kisicho na mfupa kinavyoweza kumvunja mtu.

Mechi ya pili ilikuwa baada ya wiki mbili, na bila Enesi sikuwa na mfungaji. Nisikudanganye: kilichonipeleka kwao kwanza si toba, ni mbuzi. Toba niliikuta huko huko.

Ilikuwa msimu wa kahawa. Nikamkuta Mama Enesi shambani na binti zake na majirani wawili, wanachuma. Nikamwamkia. Akanitazama kutoka kichwani mpaka miguuni.

"Marahaba. Umemfuata Enesi?"

"Ndiyo, mama."

"Enesi yuko kazini. Chukua kikapu. Tukimaliza mstari huu tutaongea."

Kuchuma kahawa nilikujua tangu sijaota meno ya pili. Unachagua zilizoiva, nyekundu, unaziacha za kijani, na unalishika tawi kwa heshima. Lakini siku ile Mama Enesi alikuja akasimama nyuma yangu, karibu mpaka pumzi yake naisikia shingoni. "Hiyo mbichi! Macho unayo? Fanya haraka! Si haraka hivyo, utavunja tawi! Kwenu hamna kahawa? Ungebaki nyumbani uchunge kuku!"

Mikono niliyozaliwa nayo ikawa ya mtu mwingine. Nikachuma mbichi, nikaacha mbivu, nikanyofoa na majani. Kila nikinyoosha kidole nageuka kwanza kumtazama yeye. Mwisho nikavuta tawi, kwaa, likakatika. Kikapu kikanitoka, na kahawa ikabingirika mtelemkoni mpaka mferejini.

Enesi alikuwa mti wa tatu, ameficha uso kwenye majani, mabega yanatikisika kwa kicheko.

"Umechuma kahawa miaka mingapi?" Mama Enesi akaniuliza.

"Tangu mtoto, mama."

"Na leo umesahau. Nimekusahaulisha mimi, kwa mdomo tu, wala sikukugusa." Akaliokota lile tawi. "Hili lingezaa kahawa ya mwakani."

Nikashuka mtelemkoni kuokota kahawa yangu, punje moja moja.

Sasa sikiliza desturi ya nyumba ile, maana ndiyo iliyonilea. Kwa Mama Enesi hakuna aliyekaripiwa mkono wake ukiwa kwenye tawi. Mbichi ikiingia kikapuni, imeingia, wewe endelea. Kazi ikiisha, mikeka inatandikwa uani, kila mtu anamwaga chake, ndipo mbichi zinachambuliwa kabla kahawa haijakwenda kwenye mashine ya kumenya. Na anayeanza ni mwenye shamba. Siku ile Mama Enesi alipekua rundo lake mwenyewe, akatoa punje tano za kijani, akaziinua juu wote tuzione.

"Hizi zangu. Jua lilinipiga machoni, nikachuma kwa kupapasa. Haya, anayefuata."

Enesi akatoa zake nne. Jirani mmoja akatoa kumi, akasingizia mimba yake, wakamzomea. Zamu yangu ilipofika, rundo langu lilikuwa la kijani kama mboga. Wakaniita mchuma majani mpaka naondoka, na ajabu yake sikuumia hata kidogo. Pale mkekani kila mtu alikuwa na zake mbele yake, na mkubwa wetu alikuwa ameshaonyesha za kwake.

Ndipo nikapata ujasiri. "Enesi, mdogo wangu, nilikuvunja ukiwa na mpira mkononi. Nisamehe."

Enesi akachambua punje mbili tatu. Kisha akasema, "Nitakuja kwenye mechi hii moja. Ukifungua mdomo nikiwa na mpira, naondoka, na hunioni tena."

"Huyu hawezi kunyamaza," Mama Enesi akasema. "Namjua tangu anazaliwa, alimpigia kelele hata mkunga. Siku ya mechi nitamletea dawa."

Dawa yenyewe ilikuwa viazi vitamu vya kuchemsha, ameviviringisha kwenye kitambaa. Akanisimamia pembeni ya uwanja. "Binti akikosa, wewe uma. Usimeze mpaka mpira ufike upande wa pili."

Mpira wa kwanza wa Enesi ukagonga pete, ukatoka. Akanigeukia na yale macho. Mimi shavu limetuna kama mgonjwa wa jino, mdomo umejaa kiazi, siwezi kutamka hata jina langu. Nikainua mkono tu kumwonyesha: rusha tena. Enesi akaangua kicheko katikati ya mchezo. Akarusha wa pili, ukakosa. Nikauma kiazi kingine. Wa tatu ukaingia. Wa nne ukaingia hata pete haikusikia. Siku ile nilikula viazi sita, na jioni sikugusa chakula.

Tulishinda kwa goli moja. Lakini wao kwao walitushinda kwa mawili, kwa hiyo mbuzi akaenda zake Ruanda analia njia nzima, na mimi nikatamani kulia naye. Nikawakusanya wasichana kwenye nyasi. Nikakumbuka mkeka, nikaanza na mbichi zangu: "Nilimwona Tabita amechoka, nikachelewa kumtoa. Lile goli lao la mwisho ni langu."

Wakatazamana. Hawakuwa wamewahi kusikia kitu kama hicho kutoka kwangu. Kisha Enesi, ambaye hajaulizwa na mtu, akasema, "Zile mbili nilirusha miguu haijatulia." Rehema naye akataja lake, na Tabita lake. Tulipomaliza, nikasubiri Enesi avue fulana aikunje. Hakuivua. Akaupiga mpira chini mara mbili, akaniuliza:

"Dada, mazoezi kesho saa ngapi?"

Mbuzi nilimsahau palepale.

Basi ninyi mnaofundisha watoto, wa mpira wa miguu, wa netiboli, wa mbio, nasema nanyi bila kuwabembeleza. Mtoto akiwa na mpira yuko kwenye tawi. Mwacheni. Kosa limeshatoka, maji yakimwagika hayazoleki, na kelele zako hazirudishi pasi. Zinachukua na pasi inayofuata. Ukimtoa nje kwa sababu amekosa mara moja, umemfundisha kujificha, na mchezaji anayejificha hakosi wala hafungi. Kama lazima useme, mwambie neno moja la kufanya sasa: rudi, tulia, rusha tena. Neno la jana liache jana.

Mapumziko yakifika, au mechi ikiisha, tandika mkeka wako. Anza na mbichi zako wewe, maana timu uliipanga wewe. Kisha muulize mtoto aliona nini. Mara nyingi anajua kuliko unavyodhani. Halafu kesho yake mazoezini mrudishe kwenye jambo lile lile, kwa mikono na miguu, si kwa mahubiri. Najua mtaniambia samaki mkunje angali mbichi. Sawa, mkunjeni. Kumkunja si kumvunja.

Na msije mkasema bibi kawa laini. Anayempiga mwenzake teke kwa makusudi, anayemtukana refa, anayemcheka mwenzake aliyekosa, huyo mtoe saa hiyo hiyo akae benchi apoe. Kahawa mbichi na kahawa iliyooza si kitu kimoja. Aliyekosa kwa kujaribu mpe nafasi ajaribu tena, na aliyekosa kwa ukorofi mpe benchi. Ukishindwa kuzitofautisha hizo mbili, mwanangu, bado hujawa mwalimu, una filimbi tu.

Ezra nilimweleza yote haya mechi ilipokwisha. Akainamisha kichwa, kisha akamwita yule Baraka na wenzake wakae chini. Nikamsikia anaanza: "Jamani, ile pasi ya Baraka, mimi ndiye niliyewaacha mabeki wawili peke yao." Mtoto akainua uso. Mimi nikajifanya natazama malori. Kabla ya kuondoka nikamwachia Ezra mfuko wa viazi vitamu, na anajua ni vya nini.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe macho ya kuona jema katikati ya vumbi, na mdomo unaojua saa yake. Watoto unaowafundisha wakukute uwanjani kesho na keshokutwa, na siku moja wakiwa na mvi kama zangu, wakitaja jina lako wacheke kwa furaha. Amina.