Tisa Sita Kwenye Udongo Mwekundu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo sijamaliza kuikumbuka, lakini kwanza ujue nilivyofika. Nilitoka Kitale na cheti cha kidato cha nne na miguu isiyotulia. Lori hadi Nairobi, treni hadi Voi, kisha trekta la mkonge hadi shamba moja karibu na Mwatate. Siku nne nzima. Nikaandikwa kazi ya kukata mkonge.

Kambini nilikuwa na mchezo wangu. Nilichora chini kwa kijiti: 142857. "Chagua namba, mbili hadi sita." Mtu akisema mbili, nazidisha: 285714. Tatu: 428571. Tarakimu zilezile, zinazunguka tu kama watu wanaobadilishana viti.

"Hiyo namba ina pepo," mwenzangu mmoja alisema, akasogea nyuma.

Haikuwa na pepo. Mwalimu wangu alitufundisha: gawa moja kwa saba, na tarakimu hizo hujirudia bila mwisho. Sikuwaambia. Kuogopwa kuna utamu wake.

Jioni moja akaja Mama Ouma, Mjaluo aliyeanika nyuzi za mkonge. Mwanawe alikuwa amekwenda Taveta kutafuta kazi, asionekane tena.

"Mwalimu," aliniita hivyo kwa utani, "zako huwa zinarudi. Wangu je?"

"Amepotea miaka mingapi?"

"Saba."

Ningeweza kukataa kuzidisha kwa saba, kwa maana nilijua hutoa nini. Lakini watu walikuwa wamesimama wakitazama, na upepo ulikuwa umekufa hata majani ya mkonge hayagusani. Nikazidisha polepole, nikianzia kulia. Tisa. Tisa. Tisa. Hadi mwisho, 999999.

"Zile zingine zimeenda wapi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Zimeisha, mama," nikajibu, nikijiona fundi.

Kwao, nilivyoelezwa baadaye, mtu aliyepotea kabisa huzikiwa tunda la mti wa mwegea badala ya mwili, na baada ya hapo ni marehemu, hata akibisha hodi. Jino la pembe si dawa ya pengo, lakini siku ya tatu nilimkuta na tunda hilo mapajani, refu kama mtoto mchanga. Alikuwa amelivisha shati la Ouma na kufunga vifungo vyote. Alikuwa akingoja basi la kwao.

Nikapiga magoti, nikaizidisha namba yangu kwa nane: 1142856. "Tazama, mama! Hiyo moja ya mbele, iondoe uijumlishe na zilizobaki. Namba yetu imerudi!"

Hakutazama chini. Alilipapasa lile tunda.

"Polepole, mwanangu. Usimwamshe."

Mzee Mwakio, mnyapara wetu, alinivuta kando. "We kijana, ulijua zitatoka tisa?"

"Nilijua, mzee."

"Na ukamwacha?"

Nikaanza kuifuta ile namba kwa mguu.

"Basi kaburi umelichimba wewe. Yeye anakwenda kulifukia tu."

Maji yakimwagika hayazoleki. Kama Ouma alikuwa hai, sikujua, na mpaka leo sijui.

Kwa hiyo nakuusia, mwanangu: ukijua siri ya jambo, itoe kabla mwenzako hajaliwekea moyo wake. Mfa maji haachi kutapatapa. Atashika hata namba. Na usilolijua, sema hulijui, hata kama umati mzima unakutazama.

Mungu akupe elimu, na akupe ulimi usioona haya kusema "sijui". Popote utakapopotelea, wanaokungoja wasichoke.

Mimi niliondoka Mwatate kesho yake asubuhi, kwa miguu, na sijarudi.