Kifaa Kilichonunuliwa kwa Kupapaswa

Baba Mkubwa ni fundi makochi, na tangu anikabidhi cherehani ya karakana yake sijawahi kumsikia akikubali kosa. Kochi likiyumba, sakafu ndiyo mbovu. Mteja akilalamika mgongo, basi mteja hajui kukaa.

Kila Jumamosi hupakia kazi zilizokamilika kwenye pikapu na kuzipeleka kwa wenyewe. Kwa miaka ishirini na miwili Mama Mkubwa alikaa kando yake akimwelekeza: kata kulia, ngoja kwanza, ni lile geti la kijani. Hiyo ndiyo ilikuwa siku yake ya kutoka, na alijipamba kama bibi harusi. Ila miaka hii ya karibuni alikuwa akimwelekeza kwa kelele hadi wapita njia wanageuka, na siku moja Baba Mkubwa akasema yametosha. Atanunua kifaa cha setilaiti cha kuonyesha njia, kinachosema kwa adabu, na Mama Mkubwa apumzike nyumbani.

Mama Mkubwa hakubisha. Jumamosi iliyofuata alifua mapazia ambayo hayakuwa machafu, na mimi roho iliniuma.

Dukani nilikwenda na Baba Mkubwa. Muuzaji alipanga vifaa vitatu juu ya kaunta, akaanza kueleza: hiki kinajua penye foleni, hiki ramani yake haipitwi na wakati, hiki kina spika kubwa. Baba Mkubwa hakuwa na habari naye. Alivipapasa kimoja kimoja kama anavyopapasa kitambaa, akakagua maungio, akabonyeza mgongo kuona kama unabonyea. Mwisho akachagua chembamba kuliko vyote kwa sababu kingo zake zilimalizwa vizuri. Nilimuuliza kama hatajaribu sauti kwanza. Alijitia hamnazo, akatoa pesa.

Jumamosi ya kwanza, kochi la daktari wa meno lilichelewa saa mbili nzima. Jumamosi ya pili, viti sita vya mkahawa vilirudi karakanani bila kuuona mkahawa. Kifaa kina kiburi, alituambia. Kinachora mishale na kukaa kimya, na yeye hawezi kutazama mishale na barabara kwa wakati mmoja. Akaamua kukirudisha, na kwa kuwa risiti ilikuwa kwenye mkoba wa Mama Mkubwa, tulikwenda sote watatu.

Muuzaji alikiwasha, akakishika juu.

"Baada ya mita mia mbili, pinda kushoto," kilisema, wazi kabisa. Mteja aliyekuwa nyuma yetu akatazama kushoto.

Baba Mkubwa alikuwa bado amekunja mikono, anasubiri.

"Mnaona?" akasema. "Kimya."

Muuzaji alifungua mdomo. Mama Mkubwa alimkazia macho, naye akaufunga. Baba Mkubwa alitutazama mmoja baada ya mwingine, kisha akakichukua kile kifaa polepole na kukisogeza sikioni. Kilirudia maneno yale yale. Alikirudisha kwenye boksi lake, akashukuru, akatoka nacho.

Ndani ya pikapu hakuwasha gari. Alishika usukani kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza maishani nilimwona Baba Mkubwa ameogopa. Sikujua niangalie wapi.

"Umejua tangu lini?" alimuuliza mkewe.

Mama Mkubwa alimwonyesha vidole viwili. Miaka miwili.

"Na hukuniambia."

Mama Mkubwa alifunga mkanda wake kwanza, bila haraka.

"Nilikuambia mara tatu, mzee wangu," akasema, kwa sauti ambayo naamini hata muuzaji aliisikia. "Kila mara ulinijibu, 'Sawa.'"

Baba Mkubwa akawasha gari, akamuuliza mkewe tupitie wapi.