Dalali Alipolisifia Gari la Mpishi

Juzi, kwenye yadi moja ya magari Temeke nilikopeleka gari langu kuuza, nilisikia maneno yakanikausha mate. Mama mmoja, mpishi wa shughuli, alileta gari lake kuukuu la kubebea masufuria. Alitaka aliache pale, aongeze hela, achukue lenye nafuu kabla bei hazijapanda tena.

Dalali akalizunguka, akapiga teke tairi, akakunja uso.

"Mama yangu, huu mkweche. Injini imechoka, bodi imeoza. Nakupokelea kwa huruma tu. Na uamue leo, meli ijayo bei sio hizi."

Mama alinywea. Gari likimfia njiani, pilau la watu litachachia barabarani. Akaweka ufunguo mezani taratibu, akaenda nyuma ya kibanda kutawadha, maana adhuhuri ilishaadhiniwa.

Dalali hakungoja hata bomba lifunguliwe. Simu sikioni:

"Bosi, wahi! Nimekupatia gari ya mama mmoja, imetunzwa kama yai! Injini haijawahi kuguswa. Hii mjini huipati tena."

Damu ilinipanda, nikasimama nimpe zake. Kumbe mama alisharudi, yuko nyuma yake, uso unachuruzika maji ya udhu. Akachukua ufunguo wake.

"Mwambie bosi wako gari imeshapata mtu."

"Nani tena, mama?"

"Mie."

Akawasha, akaondoka. Dalali, bila chembe ya haya, akanigeukia: "Na wewe braza, umekuja na gari gani?"

Mie nisiyependa uongo nikamjibu nimekuja kwa miguu.